Mafuta ya karafuu yanaua viluwiluwi, ila tusiishie kwenye kikombe cha maabara

Inamia tairi kuukuu lililojaa maji ya mvua. Viluwiluwi wa mbu aina ya Aedes wananing'inia kichwa chini, ncha ya mrija wa kupumulia ikigusa uso wa maji. Kivuli chako kikipita wanajipinda na kuzama, kisha kidogo kidogo wanarudi juu kuvuta hewa. Hapo ndipo mbu anaposhikika: hajaota mabawa, hana pa kukimbilia.

Mafuta tete ya mimea, yaani yale ya harufu yanayopotea upesi hewani, yanaweza kummaliza humohumo majini, na hizi si porojo za mitishamba. Kemikali mbili za mafuta hayo, eujenoli ya karafuu na sitrali ya mchaichai, zimejaribiwa mara nyingi, na viluwiluwi wamekufa kweli. Tena mafuta ya mmea mmoja yana kemikali kadhaa kwa pamoja, ndiyo maana naamini mbu atapata taabu kuyazoea. Temefosi, dawa ya viwandani ya kuua viluwiluwi, ilitegemewa miaka mingi kwenye mapipa ya maji; leo Aedes aegypti wa nchi nyingi wameshaizoea. Tunahitaji silaha nyingine, na tunaihitaji sasa.

Kinachoniuma ni kwamba majaribio mengi huishia kwenye kikombe: maji safi, viluwiluwi 25, wafu wahesabiwe baada ya saa 24. Tairi la nje si kikombe. Lina majani yaliyooza, lina tope, linapigwa jua kutwa. Mafuta hayachanganyiki na maji, na harufu ile tamu unayoisikia ndiyo dawa yenyewe inayopotelea hewani. Siku chache tu, mbu jike anarudi kutaga mahali palepale.

Halafu kuna neno "asilia", ambalo watu hulisikia kama "salama". Eujenoli hiyohiyo hutumika kuwalewesha samaki, na ikizidi inawaua. Bti, bakteria aliyegunduliwa katika jangwa la Negev, Israeli, mwaka 1976, naye ni wa asili, lakini sumu yake huwalenga viluwiluwi na jamaa zao wachache, samaki wakabaki salama. Mafuta hayachagui hivyo. Kwa hiyo mtu asiyadondoshe kwenye bwawa, wala kwenye maji ya kunywa.

Nataka watafiti waendelee, hasa wanaoyafunga mafuta ndani ya vidonge vidogo vinavyoyaachia polepole. Ila watuambie dawa imedumu siku ngapi juani, na nini kingine kimekufa majini. Kwa sasa, tairi lile limwage maji.