Ukuta mweusi sebuleni unaifaa sana Mwanza, tuache uoga

Ukitaja ukuta mweusi Mwanza hii jibu la kwanza ni joto, eti utajipika ndani. Jamani, joto la nyumba zetu linashuka kutoka kwenye bati ambalo limepigwa jua tangu asubuhi, na jingine linapenya kuta za nje, sasa ukuta wa katikati ya nyumba ambao haushindi juani kama bati utakuchoma na nini? Nje usipake nyeusi, hilo sibishani na mtu. Ila kama shida yako ni joto piga siling bodi, acha hewa ipite kati yake na bati, fungua madirisha upepo wa ziwa uingie mchana, rangi ya sebuleni haina kesi.

Kitu ambacho hatukisemi ni mwanga. Huku tuko digrii mbili na nusu hivi kusini mwa ikweta, jua letu ni kali, na ukikaa Capri Point au Kirumba nyumba imetazama ziwa, kuanzia saa kumi jua likishuka unapata mwanga wa juani na ule unaorudi kutoka kwenye maji, alafu ukuta mweupe nao unakurudishia wote machoni, TV huioni, mnaishia kufunga mapazia na ziwa lenyewe hamlioni tena. Kwahiyo paka nyeusi ukuta unaotazamana na dirisha. Ule wenye dirisha uache mweupe, maana ukiupaka nyeusi dirisha linazidi kuwaka na macho yanaumia zaidi.

Na wanaosema nyeusi ni msiba siwaelewi kabisa. Wingu likiwa jeusi Usukumani mkulima wa pamba anafurahi. Mawe yetu yakilowa mvua yanakolea mpaka yanakaribia weusi, na majani ya pembeni yanazidi kuwa kijani, nani amewahi kusema Bismarck Rock pale ziwani inatia huzuni? Weka kabati la mninga mbele ya ukuta wa rangi ya mkaa, tundika mkeka au kitenge, utaona rangi zinavyotoka, kwenye ukuta wa krimu hivyo vitu hata havionekani.

Shida ya kweli iko kwa fundi. Rangi nyeusi haifichi lipu mbaya, ndo inaitangaza. Kwahiyo pesa nyingi iende kwenye puti ya kusawazisha ukuta na msasa kabla hata hujafungua kopo la rangi, na usiku mulika tochi kwa ubavu wa ukuta uone mabonde yako wapi, fundi ayajaze. Undakoti, ile rangi ya kwanza ya chini, iwe ya kijivu sio nyeupe, hapo mikono miwili ya rangi, yaani kupaka mara mbili, inaweza kutosha, ukianzia nyeupe utaongeza wa tatu na wa nne. Chukua mati isiyong'aa, usikubali gloss hata akusifie vipi, gloss inaonyesha kila alama ya mwiko. Makopo yote yachanganywe kwenye ndoo moja kwasababu yanaweza kupishana kidogo na ukutani inaonekana, na akianza ukuta aumalize, asiende kula kaacha nusu. Kweli mati inashika vidole na vumbi, kwahiyo kwenye korido ya watoto tafuta ile ya kuoshwa.

Alafu taa, hapa ndo wengi wanaharibu, unapaka vizuri kisha unaacha balbu moja nyeupe katikati ya siling, chumba kinakuwa kama stoo. Zima hiyo. Weka taa mbili tatu za pembeni, chini kidogo, za mwanga wa njano, kwenye boksi angalia pameandikwa 2700K au 3000K.

Kama umepanga ongea na mwenye nyumba kwanza na muandikishane, maana kurudisha weupe juu ya nyeusi ni undakoti tena na mikono kadhaa, na hiyo gharama atakudai wewe. Akikataa nunua plaiwudi, paka nyeusi, isimamishe nyuma ya TV, siku ya kuhama unaipakia kwenye kirikuu na makochi.