Si Ni Kuunganisha Tu?

Jamani bosi akishakwambia "hizi faili za matawi si ni kuunganisha tu?" jua hapo chakula cha mchana kimekupita. Na yeye huwa ashasema, ameinuka zake, amekwenda kunywa dafu, wewe umebaki na feni yatoa moto badala ya upepo maana ni kaskazi hii na esi ya ofisi ni ya pambo.

Mambo yenyewe ni hivi. Sisi ni ofisi ya kliaringi, ya kutoa mizigo bandarini, hapa Mombasa, Moi Avenue, ukipita Mapembeni kidogo. Kila jioni tawi la Likoni, la Changamwe na la Mtwapa yatuma faili ya XML, maandishi yaliyofungwa kwenye tegi, yaani lebo za kusema hiki ni nini, ndani mna kontena zilizotoka, mteja ni nani, adaiwa nini. Kazi yangu mie ni kuzitia zote pamoja halafu stailishiti ya XSLT, yaani faili ya maagizo ya kugeuza XML, izigeuze ziwe ripoti nzuri ya HTML, ukurasa kama wa tovuti, bosi aifungue kwenye simu akiwa kwenye feri ajione yuafanya kazi.

Kuna kijana wa ofisi ya jirani, hodari wa ushauri wa bure, aniambia "yakhe, zibandike moja chini ya nyengine kwisha maneno." Ungejua XML ilivyo na kiburi! Faili moja mzizi mmoja, tegi moja ya nje yakumbatia zote, ndio sheria tangu 1998, na ule mstari wa kwanza kabisa wa kutaja toleo hautaki kutanguliwa na kitu, hata nafasi tupu moja ikiteleza pale juu faili nzima yakataliwa. Nafasi tupu! Kitu hakionekani hata ukivaa miwani! Askari wa getini kwetu apitisha watu hawana kitambulisho wala sura ya kueleweka, lakini hii XML ndio yaweza ulinzi.

Njia yake ya haki ni uandike kijifaili kidogo chenye majina ya zile faili, stailishiti ikisome, iite document(), amri ya kufungua faili nyengine, kwa kila jina, inakili moja moja chini ya mzizi mmoja. Hapo wallahi ni patamu, siwezi kudanganya. Ila ukiipa jina la faili kama maandishi matupu yenyewe yatafuta kuanzia pale stailishiti ilipokaa, haitafuti kule data iliko, kwa hivyo akitokea mtu aamue kupanga folda za ofisi "zipendeze" basi tumekwisha, na watu wa kupanga folda hawakosekani, hawa hawa ambao meza zao zina vikombe vya tangu Ramadhani.

Sasa Changamwe. Changamwe waliuziwa programu mpya na huyo aliyewauzia akachomeka pale juu kitu chaitwa xmlns, nemspesi, kama jina la ukoo wa tegi, ukikitazama ni kama anwani ya tovuti. Tegi kwa macho ni zile zile, mteja ni mteja, kontena ni kontena. Kwa stailishiti lakini yule ni mteja mwengine kabisa wa ukoo mwengine, haimjui, haijawahi kumuona. Sawa, usimjue, lakini si useme? Haisemi! Hapo ndipo panaponichoma. Faili ina kosa la alama moja yapiga kelele mtaa mzima, hili kubwa yanyamaza kimya. XSLT ina templeti zake za ndani, yaani kanuni za kugeuza kila tegi, ikikosa templeti yako yashuka yenyewe chini huko na kutema maandishi yote bila tegi. Kwa hivyo ripoti yaja, Likoni jedwali safi, Mtwapa jedwali safi, halafu Changamwe donge la maneno, namba ya kontena imeng'ang'ania jina la mteja nalo limeng'ang'ania bei. Bosi aangalia asema "hawa wa Changamwe walikuwa wamelewa?" Dawa yake ni kuitangaza ile nemspesi kwenye stailishiti, uipe prifiksi, kijina kifupi cha kutangulia tegi, kisha kila pahali uandike na prifiksi hata kama faili yenyewe haina prifiksi. Kila pahali. Toleo la 2.0 la XSLT la mwaka 2007 waandika xpath-default-namespace pale juu mara moja, wenda zako nyumbani.

Lakini sisi tuna 2.0? Sisi seva yetu ina xsltproc, programu ya kuendesha stailishiti, nayo ni ya 1.0, toleo la Novemba 1999. La 3.0 lilitoka 2017 sisi hatuna habari. Nikimtajia bosi Saxon, programu iwezayo hayo matoleo mapya, auliza bei. Namwambia iko ya bure. Auliza, kama ni ya bure ina ubaya gani.

Haya akataka jumla kwa kila mteja. Kwenye 2.0 ni amri ya for-each-group, ya kukusanya makundi, mstari mmoja. Kwenye 1.0 wamtegemea Steve Muench, jamaa wa kampuni ya Oracle aliyepata ile mbinu ya kukusanya makundi kwa amri za key() na generate-id(), Mungu amlipe, ila hiyo key() yatafuta ndani ya dokumenti moja peke yake. Mteja ana kontena Likoni na nyengine Mtwapa atoka mara mbili kama ana pacha. Kwa hivyo waunganisha kwanza, wahifadhi, halafu stailishiti ya pili ndio ije ihesabu. Tarehe sizisemi, kila tawi na mtindo wake, 03/04 ni Machi au Aprili aijua aliyeandika.

Na wateja ndio hawa wa Mombasa. Pita Biashara Street tazama vibao, fulani & Sons, fulani & Brothers, fulani & Co, hakuna mtu hapa afungua duka peke yake. Ile & kwenye XML haikai hivi hivi, lazima iandikwe & ama faili nzima yafa. Programu ya Mtwapa yabandika jina kama lilivyo, basi kila jioni Mtwapa nzima yaanguka kwa ajili ya Sons. Nikawapigia, dada wa pale ana adabu zake, "sawa kaka, tutamwambia fundi." Fundi akageuza, kumbe na toleo jipya la programu nalo lageuza, ikawa imegeuzwa mara mbili, &amp;. Hilo XML yalikubali bila neno, stailishiti yafurahi, jina latoka kwenye ripoti limeandikwa & Sons, na watu wa akaunti wakachukua majina pale pale wakachapisha invoisi wakatuma.

Alhamisi akashuka kwenye tuktuk mzee mmoja wa duka la leso, kanzu yake, bakora yake, akaketi, akaitandaza invoisi mezani akainyoosha kwa kiganja. "Mwanangu," aniambia, pole pole kabisa, "biashara hii babangu aliwaachia watoto wake, na wote nawajua, wa mke mkubwa na wa mke mdogo. Sasa nambie wewe. Huyu Amp ni wa mke gani?"