Ukoo Mtukufu wa Paganus

Chini ya kitanda changu kuna fulana 41 za rangi ya samawati, mpya kabisa. Kifuani zimeandikwa "MIMI NI DAMU YA PAGANUS". Kama unatafuta nguo ya kulimia au tambara la deki, njoo Kirumba, hapa Mwanza, uniulizie, tutaelewana bei. Nyingine 59 zimeshavaliwa, tena siku moja, mbele ya watu.

Yalianzia kwenye kundi la wasapu la ukoo. Baba mkubwa aliandika, kwa herufi kubwa kama kawaida yake, kwamba ni fedheha watu wazima na elimu zetu kutomjua hata jina babu aliyetangulia kufika mwambao huu wa ziwa. Sifa zake tulizijua wote: alikuja na ng'ombe wasiohesabika, akafyeka pori, viboko wakampisha. Jina ndilo halikuwepo, maana mwanawe alibatizwa Petro, na sisi wote tuliofuata tumekuwa akina Petro hadi leo. Kwa kuwa nina stesheneri yenye kompyuta na mashine ya kuchapa fulana, nikateuliwa kuwa mtafiti. Hakuna aliyeuliza sifa nyingine.

Pa kuanzia nilipajua. Mapadre Weupe walifungua misheni Bukumbi mwaka 1883, Wajerumani wakaja kuweka boma Mwanza mwaka 1892, na treni haikufika hadi 1928. Mtu wa zamani wa huku kama ameandikwa popote, atakuwa ameandikwa kanisani. Nikaenda parokia moja kongwe, ambayo siitaji kwa sababu kosa si lao. Katibu akanibwagia mezani kitabu kikubwa kama ubao wa dirisha, akanionya nisilambe kidole nikifunua kurasa.

Wino umegeuka kahawia. Mwandiko umelala upande mmoja kama mpunga uliopigwa na upepo, na wote ni Kilatini, kama vilivyoandikwa vitabu vya ubatizo enzi hizo. Mchwa nao walikuwa wameshasoma kabla yangu. Njia yao ilishuka kuanzia juu hadi chini ya ukurasa, wakala mwanzo wa safu ya baba, wakarudi wakala na mwanzo wa safu ya mama. Kilichosalia ni vineno vya mwisho. Nikashuka na ncha ya kalamu: Petrus, kijiji chetu, mwaka 1911. Safu ya baba, baada ya tundu la mchwa: *paganus*.

Mikono ilinitetemeka. Nikatazama safu ya mama: *pagana*. Nikasema moyoni, angalia wazee walivyopendana, mpaka majina yamefanana!

Halafu nikapanda mstari wa juu yake. Paganus. Wa chini yake, Paganus. Ukurasa mmoja ulikuwa na watoto 17 wa Paganus, wengine wamebatizwa siku moja. Nilifunua kurasa sita nikaacha kuhesabu. Mtu mwenye akili timamu angeshtuka hapo. Mimi nilijisikia fahari. Kumbe babu hakufungua njia tu, mwambao mzima kaujaza yeye!

Jioni nikatangaza kwenye kundi. Zikamiminika pongezi, mikono ya kupiga makofi, na shangazi mmoja, Msabato, akauliza mbona jina lenyewe kama dawa ya minyoo. Tukampuuza. Binamu akaingia mtandaoni akarudi na picha za magari ya Pagani, yale ya Italia ya mabilioni, akaandika, "Ndugu zetu wako mbali kimaisha." Baba mkubwa akabadilisha jina la kundi papo hapo: UKOO WA PAGANUS. Michango ikatangazwa, 20,000 kila kichwa. Fulana 100 nikapewa mimi kazi ya kuchapa, na sioni haya kusema kwamba nilipata faida.

Siku ya sherehe nyumbani kulifurika. Wa Sengerema walivuka daraja la Kigongo–Busisi na sufuria zao, wengine wametoka Ukerewe na ndoo za sato. Michembe, matobolwa, pilau, turubai mbili, mshereheshaji wa kukodi mwenye spika za kutikisa mawe ya Mwanza. Bango la futi 12 lilining'inia kati ya miembe miwili: KARIBUNI KWA BABA YETU PAGANUS NA MAMA YETU PAGANA.

Tulikuwa tumemwalika padre mmoja mzee, mstaafu, aje atubariki. Alishuka kwenye bodaboda, akapangusa vumbi, akasimama mbele ya bango. Akalisoma. Akavua miwani, akaipangusa kwa kanzu, akalisoma tena.

"Mwanangu," aliniuliza taratibu, "jina hili umelitoa wapi?"

"Kwenye kitabu cha ubatizo, padre. Safu ya baba."

"Na la mama?"

"Safu ya mama."

Akanishika bega, akanivuta pembeni, lakini masikio yake ni mazito na sauti anaitoa kwa kipimo hicho hicho. "Hayo si majina. *Paganus* ni mpagani. *Pagana*, mpagani wa kike. Hao waliobatizwa mwanzo walisoma dini miaka 4 kwanza, kwa agizo la Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadre Weupe, ndipo wakapata maji. Baba zao wengi hata hiyo miaka 4 hawakuianza. Jina la babu yenu lilikuwa kabla ya hilo neno. Mchwa ndio wamelila."

Kukawa kimya. Niliona macho ya ndugu zangu yakiteremka taratibu kila mmoja kwenye kifua cha mwenzake. Mshereheshaji, aliyekuwa anahangaika na nyaya, hakusikia kitu. Akashika kipaza sauti: "Paganus oyeee!"

Watoto wote wakaitikia: "Oyeee!"

"Damu ya Paganus iko wapiii?"

"Hapaaa!"

Padre alikaa kwenye kiti cha plastiki akacheka mpaka akaletewa maji.

Ndipo bibi, mama yake baba, akafungua mdomo. Alikuwa amekaa mkekani tangu asubuhi, yeye peke yake hakuvaa fulana, alisema inambana kwapa. "Jina lake si nalijua," akasema. "Alizaliwa akiwafuata mapacha."

Kwa Wasukuma hapo mtu hahitaji kuendelea. Kulwa, Doto, anayefuata ni Shija. Nikamuuliza kwa nini hakusema miezi yote hiyo. "Ulikuja kwangu lini? Ulikuja mara moja, ukaniomba namba ya kitambulisho, ukaondoka."

Baba mkubwa, akitaka kuokoa jahazi, akamwomba aeleze basi jinsi mzee alivyofika na ng'ombe wake wengi. Bibi akashangaa. "Ng'ombe? Alikuja usiku, na jembe moja. Ng'ombe ndio waliomkimbiza, wa mahari aliyoshindwa kulipa kwa wakwe." Baba mkubwa akamwambia katibu wa kikao asiandike hilo.

Tulikula, maana pilau haina kosa. Fulana 59 zilivuliwa moja moja nyuma ya nyumba, nyingine zikageuzwa ndani nje. Kundi bado linaitwa UKOO WA PAGANUS, kwa sababu baba mkubwa ndiye kiongozi wake na amenuna.

Tatizo lilibaki moja. Binamu yangu wa Sengerema alijifungua wiki mbili kabla ya sherehe, na kwa furaha ya utafiti wangu akawahi kumwandikishia mtoto cheti cha kuzaliwa. Ana miezi minane sasa, mnene, anacheka na kila mtu. Msimamizi wa ubatizo nikachaguliwa mimi, nadhani kama adhabu. Padre ni yule yule mzee, aliombwa ashike zamu. Akafungua kitabu kipya, akapokea cheti, akakisoma kwa muda mrefu, kisha akaniangalia juu ya miwani.

"Hili unataka niliandike safu gani?"

Nikamwambia safu ya mtoto, padre. Jumapili iliyopita Paganus amebatizwa.