Orodha ya watoto wenye shida: nani aione?

Mtoto anayekulia katika mazingira magumu hufikiwa na msaada kwa njia mbili. Ama atambuliwe, aandikwe jina na apewe chake, ama msaada utolewe kwa watoto wote wa shule au mtaa naye aupate humo humo bila kuitwa. Wanaotetea njia ya kwanza husema fedha hazitoshi, hivyo zimfuate mwenye shida. Wa upande wa pili husema jina likishaandikwa halifutiki, na aibu huishi kuliko sare. Wote wana haki, ila si katika mambo yale yale.

Hesabu iko upande wa orodha. Chukua darasa la watoto 50 ambamo 12 hawana uwezo kabisa, na bajeti inayotosha seti 12 za sare, viatu na madaftari. Ukiigawa kwa wote, kila mmoja anaambulia chini ya robo ya seti, yaani madaftari na kalamu. Watoto 38 wanaongezewa walichokuwa nacho, na wale 12 wanaendelea kubaki nyumbani kwa kukosa viatu. Hoja hii ni nzito, na haijibiwi kwa kusema kwamba watoto wote ni sawa.

Shida ni kwamba hesabu hiyo inachukulia kuwa wale 12 tunawajua. Kigezo kinachopendwa na wengi ni uyatima, kwa sababu ni rahisi kuuthibitisha. UNICEF humhesabu kuwa yatima mtoto wa chini ya miaka 18 aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Kwa kipimo hicho, mtoto wa mjane mwenye kipato cha uhakika anaingia, na mwenye wazazi wote wawili, baba mlevi na mama mgonjwa, anaachwa nje. Halafu kuna siku yenyewe ya kuandikisha. Wanaouguza wazazi, wanaolea wadogo zao na wanaofanya vibarua ndio wasiokuwapo shuleni siku hiyo, na walezi wao ndio wasiofika mkutanoni. Orodha inajaa majina ya waliopata nafasi ya kuja.

Chanzo bora kuliko mkutano kipo tayari: daftari la mahudhurio. Mwalimu akipitia miezi mitatu iliyopita ataona nani hukosa siku zile zile kila wiki, nani huchelewa kila asubuhi, nani aliyekuwa haachi siku na sasa anaonekana kwa msimu. Majina hayo yatembelewe nyumbani kabla ya kuamua lolote, na anayekwenda aulize mambo ya kawaida tu: nani hupika, nani humwamsha mtoto, nani hulala chumba kimoja naye. Majibu ya maswali hayo matatu husema mengi kuliko fomu ya kurasa nne. Orodha irudiwe kila baada ya miezi sita, maana mzazi hupona, mwingine hufukuzwa kazi, na orodha isiyoguswa mwaka mzima huwa inawasaidia watoto wa mwaka jana.

Hata orodha ikiwa sahihi, ugawaji unaweza kuiharibu. Majina husomwa mstarini, mtoto hupita mbele, hujaribishwa viatu huku shule nzima ikitazama, kisha hupigwa picha kwa ajili ya mfadhili. Viatu vyenyewe vimenunuliwa jozi za aina moja, kwa hiyo kuanzia kesho yake kila mtu anajua nani ni wa msaada. Mara nyingi havimtoshi, kwa sababu vipimo vilichukuliwa miezi mingi nyuma na mguu wake umeshapita namba ile. Baadhi ya watoto huacha kuvivaa, na mfadhili huambiwa kwamba hawana shukrani. Makubaliano ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto ya 1989, katika kifungu cha 16, yanamlinda mtoto dhidi ya kuingiliwa faragha yake na kuvunjiwa heshima. Ulinzi huo haukuwekewa sharti kwamba mtoto awe hana haja ya viatu. Mlezi akipewa fedha au hati ya kuchukulia vitu dukani, na mtoto akachagua mwenyewe, sehemu kubwa ya tatizo hili inaondoka.

Kwenye chakula, naona wanaotaka wote wapewe wameshinda. Finland ilipitisha sheria ya chakula cha shule cha bure kwa wote mwaka 1943, ikaanza kutekelezwa kikamilifu 1948. Marekani ilifika karibu na hapo kwa kupitia orodha. Chini ya sheria ya 2010, shule ambayo angalau asilimia 40 ya wanafunzi wake walishatambuliwa kupitia mipango mingine ya misaada iliweza kuwalisha wote bila fomu wala malipo. Mwaka 2023 kiwango kilishushwa hadi asilimia 25. Utaratibu huu unastahili kuigwa: majina yanatumika kuamua shule ipi ipate, na mezani hakuna anayeyajua.

Ila kuna shida zisizoweza kupikwa kwenye sufuria moja. Mtoto anayepigwa nyumbani, anayemeza dawa kila siku, au anayelala na njaa ili mdogo wake ale, anahitaji mtu anayemjua yeye kwa jina. Kwenye kisiwa cha Kauai, Hawaii, mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake walifuatilia watoto 698 waliozaliwa 1955 hadi utu uzima. Kati ya waliokulia kwenye hatari nyingi kwa pamoja, karibu theluthi moja walikua watu wazima imara, na jambo lililojirudia katika maisha yao ni kuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyesimama nao, mara nyingi nje ya wazazi. Mtu wa namna hiyo hagawiwi kwa darasa zima. Hapa wanaokataa kabisa kuwatambua watoto mmoja mmoja wanakosea, tena kosa lao ni la hatari.

Linabaki suala gumu la mwalimu wa darasa. Asipojua, atamwadhibu mtoto kwa kuchelewa. Akijua kila kitu, habari huishia chumba cha walimu na jioni ziko mtaani. Njia inayofaa ni kumpa agizo bila sababu: huyu asiadhibiwe akichelewa, akisinzia aachwe dakika ishirini, akiomba ruhusa apewe. Sababu ibaki kwa mtu mmoja, iandikwe kwenye faili linalofungwa kwa ufunguo, na mtoto mwenyewe aulizwe ni nani mwingine angependa ajue.