Positano waachieni wenye magoti mapya

Jamani hivi nani aliwaambia watu kwamba mji ukipendeza kwenye picha basi lazima uende ukaukanyage? Mama Zai kanishikia bango tangu baridi haijaisha, Positano Positano, kimji cha pwani huku Italia, kila akishika simu ananionyesha zile nyumba za pinki na njano zimebebana mlimani mpaka baharini, na mimi hapa Napoli nabeba maboksi wiki nzima, Jumapili ndo siku yangu ya kulala. Haya, twende.

Treni mpaka Sorrento haina neno, kasheshe linaanzia kwenye basi. Tiketi unakata kwanza kwenye duka la sigara, halafu unajiunga na foleni juani, basi la kwanza likaja likajaa likaondoka, la pili tukaingia kwa viwiko, na mimi nimekulia Pangani, viwiko ninavyo. Barabara yenyewe, wanaiita 163, ilichongwa kwenye jabali karne ya 19 enzi za wafalme wa Bourbon waliotawala Napoli, zama za punda na mikokoteni, sasa leo mle mle linapita basi, linakuja basi jingine mbele, katikati skuta mbili na Mjerumani na gari lake. Kila kona dereva anapiga honi ndefu kama amembeba bwana harusi, wakikutana mmoja anarudi nyuma taratibu, na wewe umesimama dirishani unaona bahari iko chini kabisa, ukuta wa barabara unakufika magotini. Eti hapo wameshapunguza magari, tangu 2022 msimu wa watalii gari la mgeni linaingia kwa zamu, namba za shufwa siku yake, za witiri siku yake. Sijui zamani watu walipita wapi.

Basi likatumwaga juu. JUU. Bahari unaiona kule chini imelala zake. Mji mzima una barabara moja ya gari inayozunguka kwenda upande mmoja, kilichobaki chote ni ngazi, ngazi za kwenda dukani, ngazi za kwenda kanisani, ngazi za kwenda kwenye ngazi nyingine. Kushuka unashuka unacheka, unapiga picha, mama Zai gauni linapepea, ila mimi akili yangu iko kwenye kurudi. Pale kwenye kona nimeshika ukuta natafuta pumzi, akanipita bibi kizee wa pale pale, nyumba zake ndo hizo, kashika mfuko wa viazi mkono huu na mchicha mkono huu, anapanda hata hahemi, kanitazama kanisalimia bonjorno kwa huruma kabisa. Nikaona aibu nikajifanya napiga picha maua.

Tukafika ufukweni. Sasa mtoto wa pwani mimi, bahari sijawahi kuilipia, nakuta kitanda na mwamvuli ni euro 30 na ushee, wameipanga miamvuli safu safu imekula karibu ufukwe wote, sisi wa bure tumeachiwa kipande pembeni. Na si mchanga ule mnaoujua, ni kokoto za kijivu zinachoma nyayo, watu wanakwenda majini wanarukaruka, warembo wote wale wa kwenye picha wanatembea wamekunja uso.

Kanisa lao zuri, sikatai, lile lenye kuba la vigae vya kijani na njano. Ndani altareni pana picha ya Bikira Maria mweusi, ya Kibizanti, yaani ya Wakristo wa mashariki wa kale, hadithi yao inasema alikuja na meli, dhoruba ikawabana hapo nje mpaka wakamshusha, akabaki moja kwa moja. Mama Zai akaninong'oneza, huyu makaratasi kapata bila foleni. Pale nilicheka, ndo burudani pekee ya siku nzima isiyo na risiti.

Maana njaa ikauma. Ukikaa mezani unalipia na kule kukaa kwenyewe, koperto, kabla hujala chochote, kahawa ile ile ukinywa umesimama kaunta bei nyingine. Tukasema basi tule cha kutembea nacho. Nikapewa karatasi imekunjwa kama ya karanga, ndani samaki wadogo wa kukaanga, kipande cha limau juu, euro 15. Nikawatazama. Nikamtazama mama Zai. Dagaa. Wallahi dagaa, wana vichwa na mikia, wananitazama.

Kurudi nikagoma kupanda ngazi, tukachukua boti, hela nyingine ikaenda. Na hapo ndo nikaelewa ule mji, ukishakaa mbali baharini umekaa kitako ndo unapendeza, nyumba zote zinaonekana na ngazi hata moja huioni. Wangetuzungusha na boti asubuhi tukageuza, magoti yangu yangekuwa mazima.

Mama Zai katuma picha kwenye grupu la ukoo, shangazi kapiga simu hapo hapo.

"Mmekula nini huko baba?"

"Dagaa, shangazi."

"Na ugali?"

"Na limau."

Kakaa kimya, halafu nikamsikia anamwambia mtu pembeni, watoto wanateseka huko.