Posa Iliyofika na Harufu ya Pilau

Noah ya baba mdogo imetembea zaidi ya kilomita laki tatu, na hizo ni zile zilizohesabiwa kabla geji haijagoma. Kuiendesha ni jicho moja barabarani, jingine kwenye mshale wa joto. Basi siku ya kupeleka posa ya kaka Urambo ilipopangwa, shangazi akatoa amri: gari lisipotengenezwa yeye hapandi. Na bila shangazi, ile si posa, ni matembezi.

Tukaipeleka kwa fundi mmoja kule Ng'ambo, mtaa wa hapa hapa Tabora. Hizi Noah za zamani, kwa asiyezijua, injini iko chini ya viti vya mbele. Fundi anainua kiti kwanza ndipo aione. Rejeta nayo, ile ya kupozea maji ya injini, iko mbele kabisa, kwa hiyo maji yana safari ndefu kwenye mabomba.

Alipofungua koki ya rejeta, likatoka jimaji la kahawia lenye vipunje vyeusi. Fundi akavisaga kidoleni, akanusa.

"Pilipili manga hii." Akanusa tena. "Na bizari imo."

Kumbe mwenye gari wa zamani alikuwa akiziba tundu za rejeta kwa viungo vya jikoni. Dogo wa spana akauliza kama na nyama imo.

Vilibadilishwa vitu siku hiyo! Pampu ya maji mpya, hozi zote, mkanda wa feni. Rejeta ikafumuliwa na kuzibuliwa. Themostati, kile kizibo kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, fundi aliing'oa akaitupa chini ya benchi: "Hii ya nchi za baridi bwana, Tabora ya nini?" Mimi na mafundi hatutapatana kwa hili. Themostati hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Ukiitoa, injini inachelewa kupata joto lake na inakunywa mafuta. Lakini utabishanaje na mtu ambaye bado hajalirudisha gari lako?

Mfuniko wa rejeta tu ndio haukuguswa. "Huo mzima, si unafunga?" alisema baba mdogo. Raba yake ya ndani ilikuwa imechanika kama chapati ya juzi. Kazi ya mfuniko ni kubana presha ili maji yasichemke mapema, na hapa Tabora, mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, sufuria ya wazi inachemka hata nyuzi 97 haijafika.

Tukaondoka. Oktoba, jua la utosi, sisi ndani ya suti. Tulipoipita Ndono mshale ukaanza kupanda. Baba mdogo hataki kusimama, anasema wakwe hawangojeshwi. Akakumbuka ujanja wa madereva wa zamani: washa hita, joto litoke kwenye injini liingie ndani kwa abiria. Ujanja wenyewe ni wa kweli kabisa. Shida, Noah ile ina hita nyingine nyuma, na siku ya kusafisha hakuna aliyeikumbuka. Mchuzi wa zamani ulikuwa bado umo, na tundu ilikuwepo.

Mvuke wa pilipili manga ukatupiga usoni. Mshenga akapiga chafya mpaka kofia ikaruka. Mbele, shangazi aliyekalia injini yenyewe akaanza kujiinua upande mmoja, halafu mwingine.

"We mdogo wangu, mimi napeleka posa au naiva?"

"Vumilia dada, tunakaribia."

"Simamisha! Mimi si muhogo!"

Gari liliposimama baba mdogo akakimbilia mfuniko na kitambaa. Shangazi akampiga kofi la mkono: "Unataka kuungua uso siku ya posa? Liache lipoe!" Tukakaa chini ya mti. Lilipopoa, shangazi akaomba kipande cha mpira wa tyubu kwa kijana wa baiskeli, akakikata duara kwa wembe wa mkobani, akakipachika ndani ya mfuniko. Maji tukaongezewa na watoto wa jirani. Mshale ukalala mpaka Urambo.

Wenyeji wakatoka kutupokea. Mzee wa nyumba akafungua mlango wa gari, akavuta pumzi.

"Jamani, mmekuja na pilau kabisa?"

"Ya kwetu hiyo," shangazi akajibu bila kupepesa. "Tuanze na mazungumzo."

Mazungumzo yakaanza na faini ya kuchelewa: mbuzi mmoja. Shangazi akaikubali palepale, akasema mbuzi huyo atamlipa mwenye mfuniko.