Nahodha Mara Tatu, Pointi Sifuri

Kwa kuwa swahiba wangu amekwisha kuizungusha sauti yake ya WhatsApp kutoka Chuda hadi Makorora, akidai kuwa nilitolewa banda umiza, kibanda cha kutazamia mpira, nikiwa nimeshikwa makwapa, naandika haya kabla habari haijafika Pangani na kuongezewa mambo.

Mnajua kwamba huu ndio msimu wangu wa kwanza katika Fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza, mchezo wa simuni ambao unajiundia timu ya wachezaji halisi na kuvuna pointi kwa wanayoyafanya uwanjani, na kwamba wenzangu wa baraza la kahawa pale Ngamiani waliibatiza timu yangu Waja Leo, wakiamini kuwa itaondoka leo hiyo hiyo. Haikuondoka. Nilimsajili Chris Wood wa Nottingham Forest kwa pauni milioni 6, si kwa ujuzi wowote, bali kwa sababu chenji iliyobaki katika zile milioni 100 tunazopewa za kusajilia ilimtosha yeye, naye akaanza kufunga kama mtu aliyeahidiwa shamba. Ilipofika Desemba nilikuwa kileleni mwa ligi yetu, na wazee walionicheka Agosti walikuwa wakiniuliza wamuuze nani. (Naam, niliwajibu nikiwa nimefumba macho kama mganga. Msinikumbushe.)

Tarehe 4 Desemba 2024 Mohamed Salah wa Liverpool akaifunga Newcastle mabao mawili na kutoa pasi ya bao katika sare ya 3–3. Usiku huo huo nikatangaza kuwa Jumamosi, Liverpool itakapokwenda kwa Everton, nitatumia karata ya nahodha mara tatu, inayozihesabu pointi za nahodha mara tatu, ambayo msimu huo wa 2024/25 ilitumika mara moja tu, na kwamba nisipoongoza wiki hiyo nitalilipia baraza zima kahawa na kashata. Nahodha wangu alikuwa Salah, na msaidizi wake Jordan Pickford, kipa wa Everton. Msicheke bado. Mpira ukiingia ungekuwa wangu, na ukidakwa ungekuwa wangu pia.

Jumamosi kabla ya adhuhuri nikapokea ujumbe: "Mgosi, mechi imeahirishwa, kuna upepo." Baada yake ukaja mwingine wenye maneno yale yale, kisha wa tatu, na wote ulitoka kwa watu niliokuwa nimewaacha mbali katika msimamo. Mtoto wa Pwani niliyekulia kwenye kaskazi na kusi, nitishwe kwa upepo? Saa nane mchana, dirisha la kubadili timu lilipokuwa linafungwa, niliinyanyua simu juu barazani, nikawaambia kuwa hila zao nimezigundua, na ya kwamba Salah si tanga la mtumbwi.

Saa tisa na robo nilikuwa banda umiza, mstari wa mbele, nimevaa jezi nyekundu ya kuazima. Kwenye runinga kulikuwa na filamu ya Kihindi. Nikasubiri kwa adabu. Saa tisa na nusu, wakati mpira ulipopaswa kuanza, shujaa wa filamu alikuwa bado anamlilia mama yake, nami nikamwomba mwenye banda aweke mpira.

"Mpira upi, kaka?"

"Everton na Liverpool."

Akanitazama, akaitazama jezi, kisha akapunguza sauti ya filamu taratibu, kama mtu anayetaka kutoa taarifa ya msiba. Kwa upole ulioniumiza kuliko matusi, akaeleza kuwa dhoruba iitwayo Darragh imeipiga Uingereza na mechi imeahirishwa tangu asubuhi. Nyuma yangu kikohozi kimoja kikazaa kingine. Nikageuka, na hapo ndipo nilipoliona baraza zima, pamoja na muuza kahawa na dele lake, wameketi mistari mitatu kamili, wamelipa kiingilio kuja kunitazama mimi.

Nikajitetea kwamba nahodha asipocheza, mara tatu humwendea msaidizi. Kijana mmoja, mpole sana, akaniuliza msaidizi wangu anachezea timu gani.

Sitaeleza kicheko kile. Niliondoka kwa miguu yangu, makwapa yangu yakiwa huru, ingawa kandambili moja ilibaki. Jioni Erling Haaland wa Manchester City, niliyemuuza ili nimpate Salah, aliifunga Crystal Palace. Jumapili Cole Palmer akaipigia Chelsea penalti mbili dhidi ya Tottenham, naye alikuwa katika kila timu ya barazani isipokuwa Waja Leo. Kileleni yupo mtu mwingine sasa. Kahawa nimelipa, Pickford nimemuuza, na za kashata nimeomba muda hadi mwisho wa mwezi.